Sura ya Tano: Kiti Kimoja, Ndugu Wawili

Mbatiany, laiboni mkuu wa Wamaasai, alikata roho karibu na mwaka 1890, akiwa mzee sana mwenye jicho moja tu lililokuwa likiona. Simulizi ambayo A. C. Hollis aliichapisha mwaka 1905, baada ya kuipokea kwa Wamaasai wenyewe, inasema kwamba mzee alipoona siku zake zimefika ukingoni alimwita mwanawe mkubwa, Sendeyo, akamwagiza aje asubuhi ya kesho yake ili amkabidhi vifaa vya ulaiboni. Mwanawe mdogo, Olonana, alikuwa amejibanza katika zizi la ndama na aliyasikia maagizo yote. Kulipokucha alimtangulia kaka yake, akaingia ndani, akasimama mbele ya baba. Mzee hakuweza kupambanua ni mtoto yupi. Akampa rungu la chuma, pembe ya dawa na mawe ya kutabiria, akambariki. Sendeyo alipofika, hakukuwa na kitu tena cha kupewa.

Sendeyo aliapa kwamba hatakuwa chini ya mdogo wake. Vita vya ndugu hao wawili vilidumu karibu mwongo mzima, na viliwakuta Wamaasai katika miaka yao mibaya kuliko yote: homa ya mapafu ya ng'ombe, kisha sotoka iliyofagia mifugo, kisha ndui iliyofagia watu. Mwaka 1902 Sendeyo, akiwa ameishiwa na nguvu, alimwendea mdogo wake kuomba amani.

Msomaji wa Biblia amekwisha kumkumbuka Esau. Mimi humkumbuka Iago wa Shakespeare.

Nimeanza na habari hii ya nyumbani kwa sababu ya swali ambalo huulizwa kila mwaka katika kumbi za shule za Nakuru, Njoro, Molo na Gilgil, wakati vikundi vya waigizaji vinapozunguka na setibuku. Miaka ile Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia kilipokuwa kikitahiniwa, watoto wa kidato cha nne walikuwa wakifurahia mchezo hadi pale Gege anapomgeukia Mwelusi, ndugu yake wa damu. Hapo ukumbi ulichafuka. Wengine walimzomea mwigizaji kana kwamba ametenda kweli. Baada ya mchezo swali lilikuwa lile lile: kwa nini? Na jibu lililoandikwa ubaoni siku ya pili lilikuwa lile lile pia: tamaa, wivu, uchu wa mamlaka.

Jibu hilo huleta alama katika mtihani, lakini halimwelezi Gege. Tamaa wanayo wengi. Wivu unao wewe na ninao mimi, na hatujamuua mtu. Mwandishi wa tanzia ana kazi ya kutuonyesha ni kitu gani kinautoa wivu huu wa kawaida, ambao watu huulalia usiku na kuamka nao asubuhi, na kuufikisha kwenye kisu. Nikizisoma tamthilia zetu pamoja na za wageni naona mambo yanayojirudia, na la kwanza ni hili: mara nyingi kuliko tunavyodhani, chanzo ni nafasi moja iliyotazamiwa na watu wawili. Mapenzi huja baadaye, na aghalabu huja kama kisingizio.

Ushahidi mzuri kuliko wote uko katika Othello. Shakespeare hakuibuni hadithi yenyewe. Aliichukua kutoka kwa Mwitaliano Cinthio, aliyeichapisha mwaka 1565. Katika hadithi ya Cinthio, yule afisa mwovu anampenda Desdemona, mke wa mkubwa wake, anakataliwa, na mapenzi yake yanageuka chuki. Ni sababu ambayo kila mtu angeielewa. Shakespeare alipoandika tamthilia yake, iliyochezwa mbele ya Mfalme James mnamo Novemba 1604, aliiweka sababu hiyo pembeni. Iago wake anaanza kwa kulalamika juu ya cheo. Yeye amepigana vita pamoja na Othello, amedumu kazini, na cheo cha unaibu kimepewa Cassio, kijana msomi ambaye vita amevijua zaidi vitabuni. Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza ya uchungu, kabla hajamtaja Desdemona.

Wahakiki wa Uingereza wamebishana karne mbili juu ya Iago. Mshairi Coleridge aliona kwamba sababu anazozitoa ni za kujitafutia tu, na kwamba uovu wake hauna chanzo. Sikubaliani naye hata kidogo. Mtu yeyote aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali hapa Kenya, au aliyekaa miaka kumi na mitano akiwa naibu wa mwalimu mkuu kisha akaletewa mkubwa mpya kutoka kaunti nyingine, anamwelewa Iago kabla ya onyesho la kwanza kwisha. Uchungu wa kupitwa ni uchungu halisi. Haumpi mtu haki ya kuua, lakini upo, na Shakespeare aliuona.

Kinachoifanya tamthilia hii iwe kubwa ni kwamba ina wivu wa aina mbili uliokutanishwa. Othello anaogopa kunyang'anywa alichonacho. Iago anateswa na alichonyimwa. Wa kwanza ana mke, ana jeshi, ana heshima, ila hana uhakika kwamba ni vyake kweli, kwa kuwa yeye ni mtu mweusi katika mji wa Venisi unaomheshimu wakati wa vita tu. Iago anaujua ufa huo. Hana haja ya kuvunja ukuta. Anapenyeza neno, anaondoka, anarudi baada ya muda kuona limeotaje. Leso inayomwangamiza Desdemona ingekuwa kitambaa tu mikononi mwa mtu aliyetulia moyoni.

Kuna jambo katika mchezo huo ambalo walimu hulipita upesi, nami naliona kubwa. Leso inafika mikononi mwa Iago kwa mkono wa Emilia, mkewe, ambaye pia ni mhudumu na mwandani wa Desdemona. Iago mwenyewe haingii chumbani. Anamhitaji mtu wa ndani.

Hapo ndipo Gege anapoeleweka. Bokono, mtawala wa Butangi katika Kifo Kisimani, ana askari, ana jela, ana vitisho, na vyote vinashindwa kumnyamazisha Mwelusi. Anapokwama anamtafuta mtu aliyenyonya ziwa moja na adui yake. Anamwahidi Gege kumwoza Alida, binti yake. Fikiria maana ya ahadi hiyo kwa kijana kama Gege. Maisha yake yote amekuwa ndugu wa mtu fulani. Mwelusi ndiye anayesifiwa, Mwelusi ndiye anayefuatwa na watu, Mwelusi ndiye anayetajwa majina yakitajwa. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye uwezo mkubwa kuliko wote nchini anamwita Gege kwa jina lake na kumwambia kwamba anaweza kuwa mkwe wa ikulu. Siamini kwamba anamchukia kaka yake. Naamini amechoka kuwa kivuli chake, na mtawala ameusoma uchovu huo kabla Gege mwenyewe hajautambua.

Kithaka wa Mberia aliichapisha tamthilia hiyo mwaka 2001, lakini mifupa yake ni ya kale. Ni hadithi ya Fumo Liongo, shujaa wa Pwani ya kaskazini, ambaye kaburi lake wenyeji huonyesha hadi leo huko Kipini, karibu na mdomo wa mto Tana. Liongo alitishia kiti cha mfalme wa Pate, na mfalme akamfunga gerezani. Mama yake akamtumia tupa ndani ya mkate wa wishwa, kwa kuwa alijua askari watakula mikate mizuri na kuupitisha ule mbaya. Alikata minyororo huku ngoma ikilia nje, akatoroka. Silaha zote zilishindwa kumuua, ila kulikuwa na siri moja: sindano ya shaba ikimchoma kitovuni, atakufa. Siri hiyo aliitoa kwa mwanawe. Mwana alikuwa ameahidiwa cheo na binti wa mfalme.

Mama alituma tupa, mtoto akachukua sindano. Watu wawili wa nyumba moja, wote wana njia ya kumfikia Liongo ambayo jeshi la mfalme halina, na kila mmoja akaitumia njia hiyo kwa namna yake. Ndiyo sababu wazee wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Msaliti wa tanzia lazima awe ni mtu aliyeaminiwa. Adui wa nje anaweza kushambulia, anaweza kuteka, lakini hawezi kusaliti, maana hakupewa kitu cha kukisaliti.

Na tazama pia aliye nyuma ya pazia. Katika hadithi zote mbili yupo mtu wa tatu mwenye ahadi mkononi. Hashiki kisu. Hana wivu hata kidogo. Amebaini tu wivu uliko. Akishapata alichotaka, ahadi inayeyuka. Mwana wa Liongo hakupata cheo wala bibi harusi. Gege naye hakumpata Alida. Mtawala hawezi kumweka mtu wa namna hiyo nyumbani mwake, kwa kuwa amekwisha kuona anachoweza kumfanyia ndugu yake.

Francis Imbuga aliichukua kanuni hii akaivalisha suti ya kiofisi. Betrayal in the City, iliyotoka mwaka 1976 na kupelekwa Lagos mwaka uliofuata katika tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, ni tamthilia ambayo mtu wa Nakuru anaisoma kwa uchungu wa pekee, kwa kuwa usaliti wake mmoja unatokana na maziwa. Mulili, jamaa wa karibu wa mtawala, anataka tenda ya kupeleka maziwa chuo kikuu. Kabito naye anaitaka. Wote ni wajumbe wa kamati moja, wanakunywa chai meza moja. Mulili anakwenda kwa mkubwa na kumsingizia mwenzake kwamba amemtukana, na Kabito anauawa, kifo chake kikapewa jina la ajali. Wanafunzi wa mjini huchekea jambo hilo: mtu kuuawa kwa ajili ya maziwa! Mtoto wa Molo au Rongai, aliyemwona baba yake akipeleka mitungi kwenye baiskeli kabla ya jua na kungoja malipo miezi mitatu, hacheki. Anajua tenda ya maziwa ni karo, ni bati la nyumba, ni jina sokoni.

Imbuga hakuishia hapo. Mwishoni, bunduki zinapomgeukia mtawala mwenyewe, Mulili ni miongoni mwa wa kwanza kumkana, na haraka hiyo haimwokoi. Kwa Imbuga, mtu akishazoea kuuza wenzake habagui wa kuuza.

Sasa nije Naivasha, kwa sababu hapo kuna kisa ambacho dunia nzima inakijua kama tanzia ya wivu wa mapenzi, na mimi nadhani kimesomwa vibaya. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, Josslyn Hay, Bwana Erroll, alikutwa amekufa ndani ya gari lake karibu na Karen, amepigwa risasi kichwani. Alikuwa kiongozi wa lile kundi la walowezi matajiri lililojulikana kama Happy Valley, lenye makao katika bonde la Wanjohi na kandokando ya ziwa Naivasha. Nyumba yake ya Oserian, ziwani pale, ilijengwa na mume wa zamani wa mkewe wa pili. Erroll alimpokonya bwana yule mke, na nyumba akaipata pia. Wakati wa kifo chake alikuwa na uhusiano wa wazi na Diana, mke wa Jock Delves Broughton. Broughton alikuwa ametimiza miaka 57, Diana 27, na ndoa yao ilikuwa na umri wa miezi miwili na ushei.

Broughton alishtakiwa, akatetewa na wakili Harry Morris kutoka Johannesburg, akaachiliwa tarehe 1 Julai 1941, kwa kuwa upande wa mashtaka haukuweza kuzihusisha risasi na bunduki yake. Mwaka uliofuata alijiua huko Liverpool. Diana aliolewa na Gilbert Colvile, mfugaji mkubwa wa Naivasha, kisha mwaka 1955 na Bwana Delamere wa Soysambu, kule Elmenteita. Hakuna mtu aliyepatikana na hatia.

Kinachonivutia katika kisa hiki ni vile vikaratasi. Kabla ya mauaji, Broughton aliachiwa barua zisizo na jina katika klabu ya Muthaiga, za kumjulisha kuhusu mkewe na Erroll. Yeyote aliyeziandika alikuwa akifanya kazi ya Iago: kumtazama mtu mwenye ufa na kumpenyezea neno. Broughton alikuwa amemwahidi Diana kabla ya ndoa kwamba akimpenda kijana mwingine hatamzuia, na usiku ule wa mwisho aliwanyanyulia glasi wapenzi hao mbele ya watu. Mtu anaweza kuvumilia kupoteza mke faraghani. Kukumbushwa kwa maandishi kwamba wengine wanakuona ukipoteza ni adhabu nyingine, na waandishi wa tanzia wanajua kwamba aibu mbele ya watu huua wengi kuliko huzuni.

Vitabu na filamu vimekitukuza kisa hiki kwa sababu ya champeni na vitanda vyake. Lakini keti siku moja juu ya kilima chochote kati ya Gilgil na Elmenteita, uitazame ardhi iliyo chini, halafu ujiulize kilikuwa kiti cha nani. Ardhi ile ilikuwa malisho ya Wamaasai, yaani Wapurko na jamaa zao. Usaliti mkubwa wa bonde hili ulikuwa umekwisha kutendeka kabla Erroll hajatia mguu Kenya, na ndio unaonirudisha kwa wana wa Mbatiany.

Katika vita vyake na kaka yake, Olonana alihitaji msaada. Ng'ombe walikuwa wamekufa, watu wake walikuwa na njaa, na Waingereza walikuwa wamefika na reli. Aliwakubali, nao wakamwita chifu mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho laiboni hakuwahi kuwa nacho, kwa maana laiboni alikuwa mtu wa dua na utabiri, si mtawala wa ardhi. Agosti 1904, Olonana na wazee wengine walitia alama kwenye mkataba wa kuliacha Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru zikiwemo, ili walowezi wapate nafasi. Wamaasai wakapewa maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini ya reli, na ahadi kwamba yangebaki yao maadamu taifa la Wamaasai lingali hai.

Ahadi hiyo iliishi miaka saba. Olonana alifariki Machi 1911. Serikali ilidai kwamba maneno yake ya mwisho yaliwataka watu wake wahame Laikipia. Mwezi mmoja baadaye mkataba mpya ukatiwa saini, na Wamaasai wa Laikipia wakaswagwa kwenda kusini na mifugo yao, wengi wakifa njiani. Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi wa Wapurko aliyeupinga uhamisho huo kisha akabanwa hadi akaukubali, alikuwa nyuma ya kesi iliyofikishwa mahakamani kwa jina la Ole Njogo. Mwaka 1913 kesi hiyo ilitupwa. Mahakama ilisema kwamba mkataba kati ya Wamaasai na dola ya Uingereza ulikuwa wa mataifa mawili, kwa hiyo mahakama ya koloni haikuwa na uwezo wa kuusikiliza.

Sitaki kumwita Olonana msaliti. Mtu aliyeona sotoka na ndui, aliyezungukwa na njaa, ana haki ya kusikilizwa kwa upole, na huyo mwana aliyejificha katika zizi la ndama alikuwa amelelewa katika nyumba ambayo baraka ilikuwa moja na watoto walikuwa wengi. Nasema tu kwamba kila kitu tulichokiona kwa Bokono na kwa mfalme wa Pate kimo humu: ndugu wawili, kiti kimoja, na mtu wa tatu anayefika na ahadi wakati mzuri kwake na mbaya kwao.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wanaoandikia tamasha za maigizo katika shule za Nakuru, Naivasha na Narok, na kwa vijana wanaozunguka na setibuku kila mwaka. Iandikeni tamthilia ya Sendeyo na Olonana. Msimfanye mmoja malaika na mwingine shetani. Mpeni Sendeyo onyesho lake la kufika mlangoni alfajiri, mpeni Olonana usiku wake wa mashaka, mpeni Ole Gilisho mahakama yake ya 1913, na yule wa tatu mleteni jukwaani waziwazi, watazamaji wamwone uso. Iandikeni kwa Kiswahili, ili mtoto wa Mmaasai, wa Mkikuyu na wa Mkalenjin wanaoketi ukumbi mmoja waisikie pamoja.